Viti vya Nje Marufuku

Chama cha maseremala kilipoletewa barua kwamba kitume mtu mmoja kwenye mdahalo wa ruzuku ya mafuta, wanachama hawakupoteza muda. Walimtuma mwenyekiti wao. Yeye ndiye aliyekuwa na koti, na ndiye mwenye jenereta kubwa kuliko wote, kwa hiyo dizeli ikipanda kilio kingeanzia kwake. Walimpa neno moja tu la kwenda kusema: ruzuku isiondolewe.

"Ukishasema hilo, kaa," katibu alimsihi huku amemshika mkono. "Kaa kabisa. Usiongeze."

Walimjua. Akiwa na patasi mkononi alikuwa mtu mtulivu, kazi yake safi, droo zake zinaingia bila kusukumwa mara mbili. Lakini akishika kipaza sauti alikuwa bomba lililopasuka.

Mdahalo ulianza asubuhi kwenye ukumbi wa chuo. Mbele alikaa Mheshimiwa Waziri, na kwa saa tatu nzima alikiona cha moto. Wenye mashine za kusaga walimbana, wenye malori wakambana, mwalimu mmoja wa uchumi akaonyesha michoro inayopanda na kushuka mpaka safu ya nyuma ikaanza kukoroma. Kila Waziri alipojibu swali moja la dizeli, yalizaliwa mawili. Alikuwa ameshamaliza chupa nne za maji.

Seremala alikuwa mwisho wa safu, juu ya kiti cha plastiki, vile vyeupe vinavyoshushwa bandarini vikiwa vimepandana mamia kwa mamia. Alipoitwa, alijiinua kwa nguvu. Mguu wa nyuma wa kiti ukakunjika kama mrija, na mwenyekiti akaenda chini, koti na yote. Ukumbi mzima ulicheka, watu wakashika mbavu. Alipoinuka, kipaza sauti kilikuwa kimeshamfikia, na dizeli ilikuwa imeshamtoka kichwani.

"Chekeni!" alisema. "Chekeni, lakini mjue mnacheka nini. Miaka ishirini na sita natengeneza viti, na kiti changu hakijawahi kumwangusha mtu. Leo naitwa mwenyekiti, na kiti chenyewe si changu! Nchi nzima tunajadili mafuta huku tumekalia viti vya watu!"

Makofi yalilipuka. Hata waliokuwa wakikoroma waliamka wakipiga makofi. Waziri, aliyekuwa amebanwa ukutani tangu asubuhi, aliona mlango umefunguka, akasimama haraka kabla haujafungwa.

"Huyu ndiye mzalendo!" alisema. "Kuanzia saa hii, kiti chochote kutoka nje ya nchi ni marufuku kuingia!"

Watu walipanda juu ya viti hivyo hivyo vya nje kushangilia. Katikati ya vigelegele Waziri aliongeza jambo jingine, bila kuvuta pumzi na bila kuinua sauti, kisha akakusanya karatasi zake akatoka kwa mlango wa pembeni. Seremala alipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Alipofika nje ndipo alipomuuliza mwenye lori mmoja, "Pale mwishoni alisema nini?"

"Ruzuku ya dizeli imefutwa," mwenye lori akamjibu. "Wewe si ndiye uliyekuwa unapiga makofi kuliko wote?"

Nyumbani, mkewe alimsikiliza mpaka mwisho bila kusimamisha cherehani. Alikuwa fundi wa matandiko. Mume akimaliza mbao, yeye huvalisha kitambaa.

"Kwa hiyo ulitumwa dizeli ukarudi na viti," alisema.

"Marufuku, mke wangu! Unajua maana yake? Kila atakayetaka kukaa nchi hii lazima apite kwetu."

"Na msumeno utauendesha kwa makofi?"

Mume alikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hapendi hesabu.

Sasa, seremala huyu alikuwa na dada, walioachiana ziwa, afisa wa forodha kwenye yadi kuu ya mizigo. Mawakala wa mizigo walimpachika jina la Kifungu, kwa sababu hata ukimsalimia alikuwa kama anatafuta salamu yako iko kifungu cha ngapi. Hakuwahi kunywa hata soda ya mtu. Mwaka mmoja aliyazuia makali ya randa ya mdogo wake mwenyewe kwa sababu fomu ilikosa muhuri mmoja, na jioni yake akaenda kumtembelea kama kawaida na zawadi ya sukari.

Siku tatu baada ya mdahalo, waraka ulimfikia mezani, umesainiwa na Waziri kwa mkono wake. Ulisema kwamba kiti ni "kifaa chochote kilichotengenezwa kwa ajili ya kukaliwa, kikiwa kizima au vipande." Dada aliusoma mara tatu, akafuta miwani yake, akashuka yadini.

Alianza na baiskeli. Zilikuwa kontena mbili, na kila baiskeli ilikuwa na kiti. Vikafunguliwa vyote, vikatupwa bohari ya yadi. Zikafuata viti vya kunyolea nywele, kisha vifuniko vya vyoo vya kukaa, maana navyo hukaliwa. Daktari mmoja wa meno alikuja mbio na karatasi mkononi.

"Mama, hiki si kiti. Ni kifaa cha tiba."

"Mgonjwa anatibiwa akiwa amesimama?"

"Hapana."

"Anakaa wapi?"

Daktari alikitazama kifaa chake. "Hapo," alisema.

"Basi, daktari. Umenisaidia."

Halafu yakaja magari. Mwagizaji wa magari, mtu mnene mwenye simu tatu, alikuta magari yake arobaini yamepangwa vizuri, yamefungwa milango, na ndani hayana hata pa kuweka kofia.

"Mama yangu," alisema, "gari litaendeshwaje bila kiti?"

"Litaendeshwa na dereva aliyekaa kwenye kiti cha hapa nchini. Soma mwenyewe."

"Lakini hawakumaanisha hivi!"

"Bwana, nina miaka mingi hapa. Siku nikianza kuuliza walimaanisha nini, kila mwenye simu atakuja na maana yake. Wewe unazo tatu." Akamgongea muhuri.

Dada hakuwa mjinga. Aliandika barua wizarani kuomba ufafanuzi, akaeleza habari ya baiskeli, ya vyoo na ya daktari. Akajibiwa kwa sentensi moja ya kumshukuru kwa uzalendo wake. Akaiweka kwenye faili. Bohari likajaa viti vya magari mpaka walinzi wakawa wanalinda wamelala kifudifudi juu ya ngozi laini, na hilo sheria haikulikataza, kwa kuwa hawakuwa wamevikalia.

Mwagizaji hakuwa na pa kukimbilia ila karakana ya seremala. Aliagiza viti themanini, vya mbele tu. "Wa nyuma watajijua," alisema.

Seremala aliruka juu. Alimbeba mkewe, cherehani ikabaki inazunguka peke yake. Alinunua mbao, akapiga mistari, akawasha jenereta. Ikakohoa siku nne, ikanyamaza. Dizeli ilikuwa imepanda mara tatu ndani ya wiki mbili, na kila alipokwenda kituoni alikuta bei imeandikwa kwa chaki, siyo kwa rangi tena, kwa sababu ya usumbufu wa kufuta. Akatundika msumeno wa mashine, akashika wa mkono. Kwa siku alitoa kiti kimoja, na bega lake lilivimba kama limewekewa mto.

Kisha sponji ikaisha madukani. Springi nazo hazikuonekana. Skrubu ndogo zile za kushikia mgongo wa kiti zilipotea kama zimeitwa na mganga. Aliambiwa zote ziko yadini, zimezuiliwa. Akavaa koti, akaenda kwa dada yake.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Wifi yangu mzima?"

"Mzima. Dada, nimekuja kwa ajili ya sponji. Sponji si kiti."

"Unaitaka ya nini?"

"Ya kuweka kwenye..." Akasita.

"Malizia."

"Kwenye kiti."

"Vipande," dada alisema, akiugeuza waraka ili ausome. "Mstari wa pili."

"Dada! Mimi ndiye niliyeisababisha hiyo sheria!"

"Najua. Nilikuona kwenye runinga. Koti lilikupwaya."

"Hata nduguyo? Damu yako?"

"Ningewaachia wengine nikakuzuia wewe, hapo ungekuwa na neno. Nimewazuia wote."

Aliondoka bila kuaga. Mwezi mzima hakumpigia dada yake simu, na dada alipokuja na sukari yake jioni moja, seremala alijifanya yuko bafuni mpaka alipoondoka. Mkewe ndiye aliyempokea, wakanywa chai, wakacheka mambo yao. Siku iliyofuata mke alizunguka kwa mafundi cherehani wote wa mtaani, akakusanya vipande vya vitambaa magunia matano, akaanza kuvishindilia ndani ya matandiko kwa mpini wa nyundo. Viti vikajaa, vikatuna, vikawa vigumu kama kifua cha askari. Ukivikalia havididimii hata kidogo.

Viti vilikuwa vimefika sitini na viwili lilipoingia gari jipya la Waziri.

Lilikuwa jeusi, refu, linang'aa mpaka mtu anajiona meno. Wakuu wa yadi wote walikumbuka ghafla kwamba wana vikao mahali pengine. Dada alibaki na mafundi wake wawili, akawaambia wafungue viti. Wakafungua. Mchana mkuu wake alimpigia simu kutoka huko alikojificha.

"Unajua hilo ni gari la nani?"

"La aliyesaini waraka," dada alisema. "Ninao hapa mbele yangu. Nikusomee?"

Mkuu akakata simu.

Habari zilimfikia seremala akiwa na msumeno katikati ya ubao. Hasira yote ilimtoka, ikaingia hofu. Alikaa juu ya rundo la maranda.

"Watamfukuza," alimwambia mkewe. "Watamfukuza dada yangu kwa mdomo wangu."

"Mpigie."

"Nimwambie nini?"

Kabla hajapata la kusema, gari jeusi liliingia lenyewe uani kwa mwendo wa jongoo. Dereva alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, kidevu kimefika kwenye usukani. Nyuma, msaidizi wa Waziri alikuwa amechuchumaa, faili amelikumbatia. Wizarani walikuwa wamelitafakari jambo hilo, msaidizi alieleza akijinyoosha magoti. Mheshimiwa hakukasirika. Mheshimiwa ameona fursa. Ijumaa atapanda gari hilo mbele ya kamera zote, juu ya kiti cha mzalendo yule yule wa ukumbini.

"Nimpime lini?" seremala akauliza.

"Kumpima nani?"

"Mheshimiwa. Mgongo wake, na urefu wake kutoka makalioni mpaka utosini. Kiti cha gari si stuli."

Msaidizi alishusha sauti. "Kimo cha Mheshimiwa ni siri ya serikali."

"Sasa nitakisia?"

"Kisia kizalendo."

Alikisia. Alifanya kazi siku tatu kwa mkono, na kusema kweli ubao ule aliupiga randa kama anamtengenezea mama yake. Mke alishindilia vitambaa mara mbili ya kawaida, kwa heshima ya cheo. Ijumaa kiti kilikuwa ndani ya gari, kimevaa kitambaa chekundu, kinapendeza kwa kutazama.

Waziri alikuja, akahutubia, akakipigapiga kiti mgongoni mbele ya kamera kama anapiga farasi. Kisha akaingia akakaa. Kiti hakikudidimia. Kichwa cha Waziri kiligota kwenye paa, na kwa kuwa kiti hakikushuka na paa halikupanda, shingo ndiyo iliyokubali. Ikainama mbele mpaka kidevu kikagusa tai.

"Mheshimiwa, unajisikiaje?" mwandishi mmoja akauliza.

"Najisikia nyumbani," Waziri alisema akiongea na tumbo lake. "Twende, dereva. Twende haraka."

Msafara ulikatiza mji mzima. Watu waliokuwa barabarani wakitukana bei ya nauli waliliona gari jeusi likija, wakajiandaa kuzomea, halafu wakamwona Waziri ndani yake amewainamishia kichwa. Matusi yakawakwama. Mwanamke mmoja aliyebeba kuni, maana mafuta ya taa yalikuwa hayashikiki, alisema kwa sauti, "Jamani, huyu anatuonea aibu. Huyu ana utu." Kesho yake magazeti yalimwita Waziri Mnyenyekevu. Baada ya wiki, wakubwa wengine nao walionekana wakipita mjini wameinamisha shingo, ingawa viti vyao vilikuwa vya kawaida na paa ziko juu.

Waziri alivumilia siku tisa. Siku ya kumi shingo ilikataa kurudi, akapelekwa kutibiwa nje ya nchi. Waraka mpya ulitoka huko huko kitandani. Ulisema kwamba neno "kiti" halikukusudiwa kuhusu magari, hospitali, ofisi, ndege, wala makazi ya viongozi, na kwamba kulikuwa na watumishi wachache waliopotosha dhamira ya serikali kwa kusoma maandishi yake kama yalivyoandikwa. Dada akapewa uhamisho kwenda kituo cha mpakani, mahali pa mbali ambako havipiti vitu ila mbuzi na vumbi. Mwagizaji wa magari alirudishiwa viti vyake siku hiyo hiyo, vikiwa na alama za walinzi, akamtumia seremala ujumbe wa kumshukuru na kufuta oda. Habari ya dizeli haikutajwa kwenye waraka.

Seremala aliomba nafasi kwenye mdahalo uliofuata, akapewa. Safari hii aliandika maneno yake kwenye kiganja na akakataa kukaa mpaka aitwe. Waziri alikuwa mbele, shingoni amefungwa kola nyeupe ya hospitali. Seremala alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, nina neno moja. Ruzuku ya dizeli irudishwe. Basi."

Mwongoza mdahalo alimtazama kwa huruma. "Mwenyekiti, tafadhali tusitoke nje ya mada. Mada ya leo ni viti."

"Lakini mimi ndiye..."

"Ahsante sana. Makofi kwa mwenyekiti!"

Wakampigia makofi. Alibaki amesimama na mdomo wazi mpaka mtu akaja kukichukua kipaza sauti.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa dada yake. Alimkuta anafunga vyombo kwenye magazeti, sahani moja moja. Alisimama mlangoni kama mgeni.

"Ingia, au ulikuja kutazama?" dada alisema.

Akaingia, akashika sahani, akaanza kufunga naye. Walifunga mpaka kabati likaisha.

"Ni mdomo wangu, dada."

"Mdomo wako nimeuzoea tangu unanyonya. Ulikuwa unalia nyumba tatu zinaamka."

"Mbona hukulegeza hata kidogo? Ungeliacha lile gari lipite, leo ungekuwa mezani kwako."

Dada alikaa juu ya sanduku. "Yule daktari wa meno alilia," alisema. "Mtu mzima. Nilimzuilia kile kifaa chake, na nilijua kabisa si kiti. Sasa lile la mkubwa ningeliachaje? Ningekwenda kumwambia nini daktari?" Alivua miwani. "Usiku ule sikulala, kama unataka kujua."

Seremala aliichukua ile miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akamrudishia.

Lori la kumhamisha lilipakia vitu asubuhi, likafika mpaka kituo cha mafuta, likakwama. Wenye mafuta walikuwa wameyafungia wakisubiri bei ya Jumatatu, na foleni ilizunguka kituo, ikapita shule, ikaishia kwenye geti la kiwanda cha sabuni. Madereva walikuwa wamesimama tangu juzi. Dada alikuwa kwenye kivuli cha lori na mkoba wake, miguu imevimba, wala halalamiki.

Seremala alipomwona hivyo alirudi karakana, akaleta kiti kimoja kwa mkokoteni. Dereva wa nyuma akaomba naye aletewe. Kisha wa nyuma yake. Mpaka mchana yeye na mkewe walikuwa wameshavuta mkokoteni mara kumi na tano, na viti vyote sitini na viwili viko barabarani, vimepangwa mstari mmoja vikitazama pampu.

Dada alijaribu chake. Alisogea kulia, akasogea kushoto.

"Kinaumiza mgongo," alisema.

"Najua, dada."

"Ubao lakini umeupiga vizuri." Alipapasa ukingo kwa kidole gumba. "Hapa hata kibanzi hakuna."

Mke alipasua mkate, akawagawia. Mbele huko mtu akapiga kelele kwamba pampu moja imefunguliwa. Watu sitini na wawili wakainuka, wakabeba viti vyao, wakasogea hatua nne, wakakaa tena. Seremala alimbebea dada yake, kisha akakaa chini karibu na miguu yake, akaanza kumweleza jinsi ambavyo angekitengeneza kile kiti kama angepata sponji.